Saini ya Mchoraji katika Katalogi ya Maonyesho: Mkusanyo Binafsi kama Chanzo cha Historia ya Uchoraji wa Umbo Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua ukusanyaji wa katalogi za maonyesho zilizosainiwa na wachoraji wa umbo, hususani wale wa Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba saini ya mkono katika katalogi ni ushahidi wa kukutana: inathibitisha kwamba chapisho lilimfikia mtu aliyeandikwa humo, akalishika, na pengine akalijibu. Ushahidi huo una uzito wa pekee katika eneo letu kwa sababu katalogi kubwa zinazowahusu wachoraji hawa zilichapishwa Ulaya, mbali na walikoishi na kufanya kazi. Makala yanaeleza aina za saini, namna ya kuzihakiki, kuzitunza na kuziandikia kumbukumbu. Yanahitimisha kwamba saini isiyoandikiwa mazingira yake hubaki pambo, na kwamba kazi ya kuyaandika mazingira hayo haina muda wa kusubiri.

Istilahi muhimu: katalogi, saini, tabaruku, nasaba ya nakala, uchoraji wa umbo

1.0 Utangulizi

Katalogi ya maonyesho ni chapisho linaloambatana na maonyesho ya sanaa. Linaweza kuwa karatasi moja iliyokunjwa, yenye majina ya picha na bei zake, au kitabu kinene chenye insha, picha za rangi na wasifu wa msanii. Desturi hii ni kongwe. Maonyesho ya kwanza ya Royal Academy mjini London, mwaka 1769, yalikuwa na orodha iliyochapwa, na orodha za aina hiyo zimewawezesha watafiti wa uchoraji wa Uingereza kujua nani alionyesha nini na mwaka gani. Picha huuzwa, hubadilishwa jina, huungua, au huingia katika nyumba ya mtu isionekane tena. Katalogi hubaki ikisema kwamba siku fulani, mahali fulani, picha ile ilitundikwa ukutani.

Uchoraji wa umbo, kwa maana inayotumika hapa, ni uchoraji ambao mtazamaji hutambua ndani yake mtu, mnyama au kitu, hata kama umbo hilo limevutwa, limepindwa au limepakwa rangi isiyo yake. Wanakijiji wa Sam Ntiro, ng'ombe na tembo wa Jak Katarikawe, na umati wa watu katika picha za Michael Armitage wote wamo katika fasili hii.

Swali linaloongoza makala haya ni moja: saini iliyoandikwa kwa mkono katika katalogi inampa mtafiti kitu gani ambacho katalogi isiyosainiwa haimpi? Wafanyabiashara wa vitabu wana jibu lao, kwamba inaongeza bei. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfikishi mbali mwanahistoria wa sanaa. Sehemu zinazofuata zinajaribu kutoa jibu lingine.

2.0 Tabaruku ya Kazi na Tabaruku ya Nakala

Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, alichunguza maandishi yanayokizunguka kitabu: jina, dibaji, tanbihi, na mengineyo yanayomvusha msomaji kizingiti kabla hajaingia ndani. Miongoni mwa mambo aliyoyatenganisha ni tabaruku ya kazi na tabaruku ya nakala. Tabaruku ya kazi huchapwa, na kila anayenunua kitabu huikuta. Tabaruku ya nakala huandikwa kwa mkono katika nakala moja, kwa ajili ya mtu mmoja, na haipo katika nakala nyingine yoyote duniani. Utengano huu ndio msingi wa makala haya. Mtafiti anayesoma katalogi kupitia picha za kidijitali za nakala ya maktaba fulani anasoma kazi. Anayeshika nakala iliyosainiwa anasoma kazi pamoja na tukio lililoipata nakala hiyo baada ya kutoka kiwandani.

Igor Kopytoff, katika insha yake ya mwaka 1986, alipendekeza kwamba vitu vichunguzwe kwa kuandikiwa wasifu kama watu: kilizaliwa wapi, kimepita mikononi mwa nani, lini kilikuwa bidhaa na lini kiliacha kuwa bidhaa. Katalogi iliyosainiwa inaufaa sana mkabala huo. Iliuzwa mlangoni mwa maonyesho kama bidhaa. Ilipoandikwa jina la mtu ikawa zawadi. Mwenyewe alipofariki na warithi kuiuza, ikarudi sokoni.

Fikra hizi si ngeni kwa wanazuoni wa Kiswahili. Watafiti wa miswada ya tenzi hawaishii kwenye beti. Hutafuta pia maneno ya mnakili mwishoni, panapotajwa jina lake, tarehe, na pengine mtu aliyenakiliwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mnakili, aliwanakilia miswada Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Ni kwa maandishi ya aina hiyo ndipo uhusiano wa mnakili na walioagiza kazi yake unapoweza kufuatiliwa. Pendekezo la makala haya ni kwamba saini ya mchoraji katika katalogi isomwe kwa umakini uleule tunaousomea maneno ya mnakili.

3.0 Katalogi na Umbali

Ili kuona katalogi inavyoweza kujenga historia, mfano wa London unafaa. Mwaka 1976 mchoraji R. B. Kitaj aliteua picha kwa ajili ya maonyesho yaliyoitwa The Human Clay katika jumba la Hayward Gallery. Wakati huo wengi waliuona uchoraji wa umbo kama jambo lililopitwa na wakati. Katika insha ya katalogi ile Kitaj alitumia jina "School of London" kuwazungumzia wachoraji walioendelea kulichora umbo la mwanadamu mjini humo. Jina likashika. Leo Lucian Freud, Frank Auerbach na Leon Kossoff huzungumziwa chini ya jina lililoenea kutoka katika kurasa chache za katalogi.

Kwa mkusanyaji, mfano huo una somo la pili. Kitaj, Freud, Auerbach na Kossoff walifanya kazi London, maonyesho yalikuwa London, na katalogi ilichapishwa kwa maonyesho hayo. Aliyetaka saini zao aliweza, kwa subira, kuwafuata mmoja baada ya mwingine. Kitaj alifariki 2007, Freud 2011, Kossoff 2019 na Auerbach 2024. Kila kifo kilifunga mlango mmoja. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa milango hiyo ilikuwa wazi, na kitabu na wenyewe walikuwa mji mmoja.

Hali ya wachoraji wa Afrika Mashariki ilikuwa tofauti. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere kisha Slade School mjini London, na mwaka 1960 makumbusho ya Museum of Modern Art ya New York ilipata picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jak Katarikawe, aliyetoka Uganda akahamia Nairobi, alionyesha kazi zake kwa miaka mingi katika jumba la Gallery Watatu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora michoro ya ukutani katika kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulisikia mara mbili: paa mnyama, na paa kitendo cha kuinuka angani. Hawa hawakuwa watu wasiojulikana. Lakini chapisho nene lililowakusanya wachoraji wengi wa eneo hili, Wegzeichen: Kunst aus Ostafrika 1974–89, lilitoka Frankfurt mwaka 1990, kazi ya Johanna Agthe. Maonyesho ya Seven Stories about Modern Art in Africa, yenye sehemu ya Uganda na Kenya, yalifanyika Whitechapel, London, mwaka 1995. Katalogi iliyomhusu Katarikawe peke yake ilitoka Frankfurt mwaka 2001. Na Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alipoonyesha Paradise Edict Munich kuanzia 2020 na London mwaka 2021, aliziweka pamoja na picha zake kazi za Meek Gichugu, Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Njau na Sane Wadu.

Orodha hiyo fupi inaonyesha jambo moja. Machapisho yenye karatasi nzuri, insha ndefu na picha za rangi yalizaliwa Ulaya. Yaliyochapishwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho ya hapa mara nyingi yalikuwa vijitabu vya kurasa chache, kadi za mwaliko, na orodha za bei zilizopigwa taipu. Ya Ulaya yamehifadhiwa lakini yako mbali. Ya hapa yako karibu lakini hayajahifadhiwa. Katika mazingira hayo, nakala ya katalogi ya Frankfurt yenye saini ya mchoraji iliyoandikwa Nairobi inasema kwamba kitabu kilivuka bahari na kumfikia aliyechorwa ndani yake kwa maneno ya wengine. Hilo ndilo jambo ambalo nakala isiyosainiwa haiwezi kulisema.

4.0 Aina za Saini

Kwa ajili ya uchambuzi, saini katika katalogi zinaweza kugawanywa katika makundi matano.

Kwanza ni saini tupu: jina peke yake, bila tarehe wala mahali. Hii ndiyo inayopatikana zaidi, na ndiyo yenye habari haba zaidi. Pili ni saini yenye tarehe au mahali, au vyote viwili. Hii humpa mtafiti nukta moja katika ramani ya maisha ya msanii. Tatu ni tabaruku ya nakala, inayomtaja anayepewa. Iwapo anayetajwa ni mchoraji mwenzake, mwalimu, mwenye jumba la maonyesho au mnunuzi wa picha, nakala inakuwa hati ya uhusiano baina ya watu wawili. Nne ni saini inayoambatana na mchoro mdogo wa kalamu. Mchoro huo ni kazi ya sanaa kwa haki yake, na kwa mchoraji wa umbo mara nyingi huonyesha ni umbo gani lililokaa mkononi mwake kiasi cha kutoka bila kufikiri. Tano, lililo adimu na lenye thamani kubwa kwa mtafiti, ni saini inayoambatana na masahihisho: mchoraji anapofuta tarehe iliyokosewa, anapobadilisha jina la picha, au anapoandika pembeni kwamba picha imechapwa juu chini.

Pamoja na makundi hayo kuna jambo la tahajia. Jina la Katarikawe huandikwa "Jak" mahali pengi na "Jack" kwingineko. Sane Wadu alizaliwa Walter Njuguna Mbugua. Alipoacha ualimu ili achore, watu walimwona mwenda wazimu, naye akajipa jina lenye neno la Kiingereza linalomaanisha mtu mwenye akili timamu. Jina la namna hiyo ni hoja, na mwenye hoja ndiye anayestahili kuaminiwa kuhusu namna linavyoandikwa. Saini yenye tarehe humwonyesha mtafiti lini mchoraji alijiita nani.

5.0 Kuihakiki Saini

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote, kinahitaji kalenda. Maonyesho ya picha za watu za Lucian Freud katika National Portrait Gallery yalifunguliwa mwaka 2012, miezi kadhaa baada ya kifo chake. Hakuna nakala ya katalogi iliyotolewa siku hizo inayoweza kuwa na saini yake aliyoiandika ukumbini. Vivyo hivyo, Sam Ntiro alifariki 1993, hivyo hawezi kuwa amesaini katalogi ya Whitechapel ya 1995. Na Katarikawe, aliyefariki 2018, hawezi kuwa amesaini katalogi ya Paradise Edict. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na kazi zinazoghushi jina lake zinajulikana sokoni. Chapisho lolote la baada ya mwaka huo linalodaiwa kuwa na saini yake limejikana lenyewe.

Kipimo cha pili ni cha jicho na kioo cha kukuzia. Baadhi ya katalogi zina saini iliyochapwa kama sehemu ya usanifu wa jalada au ukurasa wa jina. Chini ya kioo, saini iliyochapwa mara nyingi huonyesha vitone vya uchapaji au wino wenye uzito mmoja mwanzo hadi mwisho. Ya mkono huonyesha kalamu ilipoanza, ilipobanwa na ilipoinuliwa. Kalamu ya biki huacha mfereji mdogo katika karatasi, unaoonekana mwanga unapoangazwa kutoka ubavuni. Wino wa maka peni hupenya upande wa pili wa karatasi isiyong'aa, ilhali kwenye karatasi ya kung'aa hukaa juu na huweza kufutika kwa kidole chenye jasho.

Kipimo cha tatu ni ulinganisho, na hapa pana mtego. Mkusanyaji mgeni hulinganisha saini ya katalogi na saini iliyo kwenye picha. Lakini mchoraji husaini turubai kwa brashi, mara nyingi kwa herufi kubwa zinazolingana na nafasi aliyoibakiza pembeni. Kwenye katalogi husaini kwa kalamu, akiwa amesimama, kitabu kikiwa kiganjani. Mikono miwili hiyo ya mtu mmoja huweza kutofautiana sana. Ulinganisho wenye mantiki ni wa kalamu kwa kalamu: barua, risiti, fomu, na nakala nyingine zilizosainiwa.

Hata saini ya kweli huweza kuwa na habari za uongo. Salvador Dalí alisaini maelfu ya karatasi tupu ambazo picha zilichapwa juu yake baadaye. Mkono ulikuwa wake, lakini hakuwa ameiona kazi iliyobeba jina lake. Nako Marekani mwaka 2022, wanunuzi wa kitabu cha Bob Dylan, mwanamuziki ambaye pia ni mchoraji, walirudishiwa fedha baada ya kubainika kwamba nakala zilizouzwa kwa madai ya kusainiwa kwa mkono zilikuwa zimesainiwa kwa mashine. Mifano hii inaturejesha kwenye hoja kuu. Thamani ya saini haimo katika wino. Imo katika kukutana kwa mtu na kitabu, na kukutana huko ndiko kunakopaswa kuthibitishwa.

6.0 Kuitunza Nakala

Vijitabu vingi vya maonyesho ya miongo iliyopita vilichapwa kwenye karatasi hafifu yenye asidi, ambayo hugeuka manjano na kukatika. Vilibanwa kwa pini za chuma, na katika hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu pini hizo hushika kutu na kuila karatasi inayozizunguka. Karatasi ya kung'aa ikilowa hugandana, na kuzitenganisha kurasa zake ni kuzichana. Mchwa, mende na wadudu wengine wala karatasi wanajulikana kwa kila mwenye rafu ya vitabu katika miji yetu.

Tiba zake ni za kawaida. Nakala ilazwe, isisimamishwe. Iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi au plastiki ya poliesta. Isigusane na jua, kwa kuwa wino hufifia kwa mwanga. Gundi ya utepe isitumike kamwe, wala nakala isifunikwe kwa plastiki ya kubandikwa kwa moto, maana haitoki tena bila madhara. Maelezo ya mkusanyaji yaandikwe kwa penseli, tena kwenye karatasi ya pembeni.

Mwandishi wa makala haya alijifunza sehemu ya kanuni hizo kwa hasara. Alipeleka kwa fundi wa kujalidi vitabu kijitabu kilichochakaa, chenye saini na tarehe chini ya ukurasa wa jina. Fundi, kwa nia njema na kwa kufuata desturi ya kazi yake, alisawazisha kingo kwa mashine ya kukatia karatasi. Kijitabu kilirudi kikiwa nadhifu. Saini ilibaki, siku na mwezi vilibaki, na mwaka ulikwenda na vipande vilivyofagiliwa. Kosa halikuwa la fundi; hakuambiwa kwamba ukingo ule ulikuwa na maandishi, na hapakuwa na picha wala fotokopi iliyopigwa kabla. Nakala hiyo sasa iko katika kundi la saini zisizo na mwaka.

7.0 Kuiandikia Nakala Kumbukumbu

Orodha za maktaba huandika kitabu, na kwa kawaida haziiandiki nakala. Kadi husema mwandishi, jina, mahali, mchapishaji na mwaka. Nakala tatu za katalogi moja, mojawapo ikiwa imesainiwa, hupata maelezo mamoja; na pakitokea haja ya kupunguza vitabu, anayeondoa nakala ya ziada hana njia ya kujua ni ipi asiiguse. Pengine muhuri wa maktaba hupigwa juu ya saini yenyewe.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila nakala iliyosainiwa iandikiwe fomu yake, yenye mambo yafuatayo: jina la mchoraji kama lilivyochapwa, jina, mahali na tarehe za maonyesho, ukubwa wa nakala na idadi ya kurasa, ukurasa na sehemu ya ukurasa ilipo saini, maneno yote yaliyoandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, bila kusahihisha tahajia, aina ya kalamu na rangi ya wino, nasaba ya nakala, yaani mikono yote iliyopita inayojulikana, na mwisho, mazingira ya kusainiwa: wapi, lini, mbele ya nani, na nini kilisemwa. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi, na ndicho pekee ambacho hakiwezi kurejeshwa baadaye kwa uchunguzi wowote wa maabara.

Mfano mmoja kutoka uwandani utaonyesha sababu. Mtafiti alimtembelea mchoraji mmoja mzee, ambaye jina lake halitajwi hapa kwa heshima ya familia yake. Baada ya shikamoo na chai, alimpa katalogi ya maonyesho ya pamoja, ikiwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa jina, mahali ambapo wakusanyaji hupenda saini ikae. Mzee hakusaini pale. Alifunua kurasa taratibu hadi alipoikuta picha yake moja, akauliza, "Niandike wapi, mwanangu? Kule kwenye maneno ya wenye kitabu, au hapa kwenye picha yangu?" Akasaini chini ya picha. Kisha akaomba asomewe jina la picha lililochapwa kwa Kiingereza. Aliposomewa, akatikisa kichwa, akalipiga mstari, akaandika jina la lugha ya kwao alilokuwa ameipa picha hiyo alipoichora. Jina lililochapwa lilimtaja mwanamke sokoni. Jina aliloliandika lilimtaja mama yake. Kabla ya siku hiyo hakuwa ameiona katalogi hiyo, ingawa ilikuwa imetoka miaka mingi nyuma.

Mzee huyo sasa ni marehemu. Nakala zote za katalogi ile, katika maktaba zote zilimo, zinaendelea kusema kwamba picha ni ya mwanamke sokoni. Nakala moja inasema vingine, na inaaminika kwa sababu tu siku, mahali na mazungumzo viliandikwa jioni ileile.

8.0 Adabu ya Kuomba

Ukusanyaji huu una upande wa maadili. Msanii anayesaini hutoa kitu chenye thamani ya fedha bila malipo, na anayekipokea anaweza kukiuza kesho yake. Kwa msanii mzee ambaye picha zake ziliuzwa zamani kwa bei ndogo na sasa zinapanda bei mikononi mwa wengine, ombi la saini kumi kwa mpigo si heshima, ni uchumi uleule ukirudiwa. Kanuni tatu zinapendekezwa: mwombaji aseme wazi nakala itakaa wapi, asiombe zaidi ya nakala anazozitunza mwenyewe, na pale inapowezekana, ampelekee msanii nakala ya kubaki nayo. Kanuni ya tatu ndiyo nzito zaidi. Ni jambo la aibu ya kitaaluma kwamba mtafiti huweza kumiliki kitabu kinachomhusu mtu ambaye yeye mwenyewe hanacho.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba saini ya mkono huigeuza nakala moja ya katalogi kuwa hati isiyo na pacha. Hati hiyo huweza kuthibitisha tarehe, mahali, uhusiano, tahajia ya jina, na mara chache, masahihisho ya mchoraji kuhusu kazi yake mwenyewe. Haithibitishi lolote kati ya hayo ikiwa mazingira yake hayakuandikwa.

Udhaifu wa kumbukumbu zetu unajulikana. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya Paa ya Paa pamoja na kazi zilizokuwamo. Penye hasara ya aina hiyo, vijitabu vilivyochukuliwa nyumbani na wageni wa maonyesho hugeuka kuwa mashahidi, endapo havijaishia kwa wauza karanga. Lakini upo pia mfano wa kutia moyo. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alikusanya maishani mwake vitabu, nyaraka na kazi za sanaa kwa wingi, na sehemu ya mkusanyo wake sasa inatunzwa na Kumbukumbu za Taifa za Kenya, mahali ambapo mtafiti huweza kuufikia. Mkusanyo binafsi si lazima ufe na mwenyewe.

Maonyesho ya kazi za wachoraji wa umbo wa Afrika Mashariki yaliyopewa jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, yamekwisha kuletwa Nairobi na taasisi iliyoanzishwa na Armitage, na kitabu kinaanza kuwafikia wenyewe bila kuvuka bahari. Inapendekezwa kwamba maktaba za vyuo vikuu vyetu ziongeze katika orodha zao sehemu ya maelezo ya nakala. Kwamba wanafunzi wa uzamili na uzamivu wapeleke katalogi kwa wachoraji walio hai, waulize majina na tarehe za picha moja moja, na waandike majibu. Na kwamba wenye mikusanyo waandike nasaba ya nakala zao wangali na kumbukumbu. Baadhi ya wachoraji hao wamevuka umri wa miaka themanini. Katalogi zinaweza kusubiri katika rafu kwa miaka mingine hamsini, wao hawawezi.